Warusi nimewakubali, ila...

Wiki hii badala ya kusomea testi nimezama kwenye habari za Warusi na kompyuta. Urusi sijafika, Kirusi sijui hata neno, lakini jamaa ni vichwa. Chuo chao kimoja tu, ITMO cha St. Petersburg, kimechukua ubingwa wa dunia wa ICPC, yale mashindano ya wanavyuo ya kuandika programu, mara 7!

Sasa mcheki Igor Sysoev. Akiwa mwajiriwa wa Rambler, Moscow, akatunga nginx, programu ya kuendeshea tovuti, akaitoa bure mwaka 2004. Mwaka 2019 Wamarekani wa F5 wakainunua kampuni yake kwa dola milioni 670. Desemba hiyohiyo polisi wakapekua ofisi za Moscow, baada ya Rambler kudai programu ni mali yake. Vita ilipoanza 2022, maelfu ya wataalamu wakafungasha wakaondoka.

Sisi kila siku tunalilia maabara. Sawa, tulie. Ila kufundisha vichwa ni kazi moja, kuvitunza ni nyingine. Siku mmoja wetu akitunga kitu cha maana, tutamlinda au tutamgombania?

Naomba kutoa hoja.