Savana si Mbuga

Lugha haioni haya kukopa, wala mkopaji halaumiwi maadamu amepungukiwa. Kiswahili kilichukua kitabu kwa Mwarabu, meza kwa Mreno na shule kwa Mjerumani, na leo maneno hayo ni ya nyumbani. Basi ugeni wa neno savana hauwezi kuwa kosa lake. Kosa lake ni kwamba limepewa kazi iliyo na wenyewe, nalo haliiwezi.

Asili ya neno hili ni funzo lenyewe. Wahispania walilipata kwa Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi, katika karne ya 16, likiwa na maana ya uwanda wa nyasi usio na miti. Watu waliokwenda kuteka nchi walikiri, walau kwa jambo hili moja, kwamba mwenye nchi ndiye ajuaye jina lake. Baadaye neno lilisafiri, na maana yake ikatanuka. Mjerumani A. F. W. Schimper, katika kitabu chake cha mwaka 1898, alilitumia kwa nchi ya majani yenye miti iliyotawanyika. Neno lililoanza kwa kuikana miti likaishia kuikaribisha.

Anayelishikilia neno hili na autazame mkoa wa Singida. Upande wa magharibi wa Iramba, chini ya mteremko wa Sekenke, iko mbuga ya Wembere: nchi tambarare yenye udongo mweusi mzito, upasukao nyufa wakati wa kiangazi na kugeuka tope wakati wa mvua, ambayo maji yake huelekea Ziwa Kitangiri. Kusini, pande za Itigi, kuna vichaka vya namna yake, vyenye urefu wa mita 3 hadi 5, vilivyoshikamana matawi hata majani ya malisho yakakosa nafasi ya kuota. Kwingine imesimama miombo, makao ya nyuki. Katika ramani ndogo ya shule nchi hizi zote hupakwa rangi moja na kuitwa savana. Mfugaji apelekaye ng'ombe Wembere wakati wa kiangazi hawezi kuwapeleka katika kichaka cha Itigi kwa sababu tu ramani imezifanya nchi hizo mbili kuwa moja. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Watetezi wa savana husema kwamba elimu yahitaji neno la kimataifa lenye mpaka ulio wazi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mpaka huo ungekuwako. Mwaka 1956 wataalamu walikutana Yangambi, katika Kongo ya wakati huo ya Wabelgiji, ili wapatane juu ya majina ya uoto wa Afrika. Kukutana kwao kwenyewe ni ushahidi kwamba majina yalikuwa yamevurugika. Mwaka 1983 Frank White, alipoandika maelezo ya ramani kubwa ya uoto wa Afrika iliyotolewa na UNESCO, aliliepuka neno savana katika mgawanyo wake, kwa kuwa lilikuwa limebeba maana nyingi mno. Aliona afadhali kusema miombo. Nao wachunguzi wa udongo wa Tanganyika, akiwamo Geoffrey Milne wa kituo cha Amani, walipoona kwamba udongo hubadilika kwa mpango kutoka mlimani hadi bondeni, waliuita ule mweusi wa chini mbuga, kwa Kiswahili, ndani ya maandishi ya Kiingereza. Ajabu ilioje! Wageni waliazima mbuga na miombo kwa sababu ya usahihi wake, na mwandishi Mswahili akavitupa akaenda kuazima kisichokuwa sahihi.

Husemwa tena kwamba neno mbuga limekwisha haribika, kwa kuwa watu huita mbuga kila mahali palipotengwa kwa ajili ya wanyama. Ni kweli kwamba watu husema hivyo. Lakini mahali hapo pana jina lake rasmi, nalo ni hifadhi. Neno lililopotoka hurudishwa njiani kwa matumizi mema. Halizikwi likiwa hai. Ikiwa kila neno linalotumiwa ovyo litafutiwa badala ng'ambo, kamusi nzima itahama.

Ayapatayo madhara haya ni mtoto wa shule ya msingi. Yeye ameijua mbuga kwa nyayo zake. Anajua mahali ng'ombe wanapozama na mahali mpunga unaposimama. Akifika darasani hufundishwa kwamba elimu ni jina jingine, lisilomwambia lolote juu ya udongo anaoukanyaga. Hujifunza pia jambo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kulifundisha: kwamba maarifa ya baba yake hayana jina shuleni.

Hukumu ya haki ni hii. Savana na ibaki kwa kazi moja, kuutaja kwa ujumla ukanda wa nyasi na miti wa nchi za joto, kuanzia Afrika hadi Venezuela. Lakini mwandishi ashukapo kutoka katika ramani ya dunia na kuingia Singida, na aseme mbuga penye mbuga, miombo penye miombo, na kichaka penye kichaka. Akikosa neno, na awaulize Wanyiramba na Wanyaturu kabla ya kumuuliza Mhispania, ambaye mwenyewe aliuliza.