Mkebe wa Dawa Sokoni

Siku ya soko katika mji wa Ogembo, kando ya ndizi, viazi vitamu na mafungu ya chinsaga, huonekana pengine meza yenye mikebe na chupa za kupendeza. Mwenye meza hunena kwa kipaza sauti kwamba unga ulio mkebeni huongeza damu, huondoa kisukari, na humponya hata mwenye saratani. Bei yake yaweza kumeza ujira wa siku nyingi wa mchuma majani ya chai. Lakini aliye na mgonjwa nyumbani hahesabu fedha, huhesabu matumaini.

Hasara ya kwanza ni ya mfuko. Ya pili yaipita hiyo kwa ukubwa. Mgonjwa wa kisukari anayeishi kwa sindano za insulini, akiziacha kwa kuusadiki mkebe, sukari humzidi katika damu, naye aweza kuzimia na kufa kabla mkebe haujaisha. Si lazima unga uwe na sumu ili umdhuru. Yatosha kwamba umemtenga na dawa yake.

Sheria haikulinyamazia jambo hili. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Kenya ya Vyakula, Dawa na Kemikali, ya mwaka 1965, chasema kwamba anayeuza au kutangaza chakula kwa namna ya uongo au ya kupotosha kuhusu asili yake, thamani yake au ubora wake ametenda kosa. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria nyingine juu ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga, ikakataza yasitangazwe kwa umma. Kwani mama akiaminishwa kwamba kopo lapita titi lake, mtoto ndiye anayelipa.

Haina maana kwamba kila neno la afya juu ya chakula ni uongo. Chumvi iliyotiwa iodini huzuia rovu, na jambo hilo limepimwa na kuthibitishwa. Wazee wa Kisii nao hawakukosea walipompikia mzazi chinsaga, maana ni mboga yenye madini na vitamini. Lakini kusema kwamba chakula chaujenga mwili ni jambo moja; kusema kwamba chaponya maradhi kumi ni jambo jingine.

Basi mnunuzi mwenye busara autazame mkebe kabla ya kufungua mfuko. Je, jina na anwani ya mtengenezaji vimeandikwa? Vitu vilivyomo vimetajwa? Tarehe ya mwisho wa kutumika ipo? Alama ya KEBS ipo? Hata hivyo akumbuke kwamba alama hiyo yahusu ubora wa bidhaa. Haishuhudii kwamba bidhaa yaponya ugonjwa. Mgonjwa naye asiache dawa yake kabla ya kuuonyesha mkebe kwa daktari, na maneno ya uongo yapelekwe kwa Bwana Afya.

Karani na mkulima ajuaye kusoma wana wajibu zaidi: wamsomee jirani asiyejua maandishi yaliyo mkebeni, kwani mara nyingi karatasi ya mkebe haithubutu kusema yale yanayosemwa na kipaza sauti. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.