Wenye Sauti Husamehewa Kodi



Wapo wakubwa wanaodai kwamba anayelalamikia kodi haipendi nchi yake. Na waisome kwanza hati ya mshahara ya karani wa shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya mwaka 2025 karani huyo alikatwa 3,000 za NSSF, 1,375 za bima ya afya, 750 za nyumba, na kodi ya mapato ipatayo 5,846. Akabaki na takriban 39,029, kabla ya pango, nauli na karo. Na sabuni anayonunua ina ushuru wake.

Makato haya yana ukoo. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilianzisha kodi ya kibanda, na 1910 ikamwekea kodi ya kichwa asiyekuwa na kibanda. Haikuuliza mtu ana mapato gani: fukara alitozwa sawa na tajiri. Wala masetla hawakuficha kwamba kodi hiyo ilikuwa fimbo ya kumtoa Mwafrika shambani kwake akatafute rupia katika shamba la Mzungu.

Sasa tazameni mwaka 1922. Serikali ilikuwa imejaribu kuwatoza masetla kodi ya mapato tangu 1921. Wakapiga kelele, na kwa kuwa walikuwa na wajumbe katika Baraza la Kutunga Sheria, kodi hiyo ikafutwa mwaka huo wa 1922. Mwaka huo huo, Machi 16, Waafrika walikusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Alikuwa amekamatwa kwa kupinga kipande, kupunguzwa kwa mishahara na kodi iliyopandishwa. Zaidi ya watu ishirini waliuawa kwa risasi. Masetla walipumzika hadi 1937, kodi ya mapato iliporudi.

Uhuru ulikuja, lakini desturi ya kumkamata aliye karibu haikuondoka. Mwaka 1966 ulianza utaratibu wa PAYE, ambao unamfanya mwajiri kuwa mtoza ushuru, na mfanyakazi hukatwa kabla fedha hazijamfikia mkononi. Tajiri wa kodi za majumba na biashara ana mhasibu, ana wakili, ana muda wa kubishana. (Nakiri, baadhi yetu mawakili hula kwa ubishi huo.) Wabunge nao kwa miaka mingi walisamehewa kodi ya marupurupu, ambayo ndiyo yaliyokuwa sehemu kubwa ya malipo yao. Ibara ya 210 ya Katiba ya 2010 ilipokataza afisa wa dola kusamehewa kodi kwa sababu ya cheo chake, baadhi yao waligoma kulipa hadharani mwaka 2011. Hao ndio walioapa kuilinda Katiba!

Novemba 2023 Mahakama Kuu iliona kuwa tozo ya nyumba ilibagua, kwa kuwakata wenye ajira rasmi peke yao. Machi 2024 Bunge likapitisha sheria mpya inayogusa mapato yote. Kwa maandishi, ubaguzi umeondoka. Lakini ni nani anayekatwa bila kukosa kila mwisho wa mwezi? Ni yule yule karani.

Kuna wizi mwingine usiopigiwa kura. Nafuu ya kodi ya shilingi 2,400 kwa mwezi iliwekwa mwaka 2020, na mwaka 2025 ilikuwa bado hiyo hiyo, ilhali bei ya unga na mafuta haikungoja. Kodi ikapanda bila mbunge hata mmoja kunyosha mkono. Tunadai sheria iilazimishe Hazina kuipandisha nafuu hiyo kila mwaka kwa kadiri ya mfumuko wa bei.

Juni 2024 vijana waliilazimisha serikali kuuondoa Mswada wa Fedha, na wengine wao walizikwa. Mswada wa kila mwaka huwasilishwa Bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, na maoni ya wananchi huchukuliwa baadaye. Ibara ya 201 inatupa haki hiyo. Vikundi vya makanisa na vianze sasa kukusanya hati za mshahara, majina yakiwa yamefutwa, na kuziandalia waraka. Tutafika mbele ya kamati tukiwa nazo mkononi.