Ukihama programu ya muziki, wimbo uhame na wewe

Mjadala wa maprodyuza kuhusu programu ipi ni bora hauishi. Wa FL Studio, ambayo wengi mpaka leo wanaiita Fruity Loops ingawa jina hilo lilibadilishwa mwaka 2003, wanasifu wepesi wa kupanga biti na leseni inayolipiwa mara moja tu, matoleo yote yanayofuata yakija bure. Wa Logic wanasifu vinanda vinavyokuja ndani yake, wa Cubase wanasifu namna inavyorahisisha kazi ya kurekodi na kusafisha sauti za waimbaji, na wa Ableton Live wanaipendea jukwaani. Kila upande una hoja, na prodyuza aliyeona programu yake haimtoshi ana haki ya kuhama. Ila mjadala huo unaliruka swali zito kuliko yote: zile nyimbo za miaka sita nyuma zilizojaa kwenye kompyuta, zitahamaje? Msimamo wangu ni kwamba prodyuza asianze kazi kwenye programu mpya kabla hajazitoa nyimbo zake za zamani, trak moja moja, katika mafaili ya WAV. Asipofanya hivyo amezitelekeza, hata kama mafaili yake bado yapo kwenye diski.

Sababu iko kwenye faili lenyewe la projekti. Wengi hulichukulia kama wimbo uliohifadhiwa, kumbe kwa kawaida ni orodha ya maelekezo tu: piga besi hii kwa plagini ile, chukua mlio wa snea kutoka folda fulani, punguza sauti ya kiitikio kwa desibeli tatu kuanzia sekunde ya arobaini. Maelekezo hayo yameandikwa kwa lugha ya programu moja. Faili la FL Studio halifunguki kwenye Cubase, na la Cubase halifunguki kwenye Logic. Hata ukibaki na programu ileile, ukibadilisha kompyuta na plagini moja ikakosekana, kinanda kilichobeba wimbo mzima kinanyamaza. Noti zake utaziona zimepangwa vizuri kwenye kioo, lakini sauti hakuna.

Atatokea wa kusema: mimi nitahama, lakini programu ya zamani nitaiacha kwenye kompyuta, nikihitaji wimbo nafungua. Historia ya biashara hii haimuungi mkono. Julai 2002 kampuni ya Apple iliinunua Emagic ya Ujerumani, waliokuwa watengenezaji wa Logic, na kufikia mwisho wa Septemba mwaka huohuo toleo la Windows lilikuwa limesitishwa. Aliyekuwa na kazi zake zote kwenye Logic ya Windows hakuhama kwa hiari, alihamishwa. Novemba 2017 kampuni ya Gibson ilitangaza kuacha kuiendeleza programu yake ya SONAR, na watumiaji wake wakakaa miezi mitatu bila kujua hatima yao, mpaka BandLab ya Singapore ilipoinunua Februari 2018. Kisha mwaka 2019 toleo la Catalina la mfumo wa Mac likaacha kuzikubali programu za biti 32, na plagini nyingi za zamani zikafa siku mtu alipobonyeza kitufe cha kusasisha. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyekosea katika muziki. Kosa, kama lipo, lilikuwa kuamini kwamba programu itaendelea kuwapo kwa muda wote ambao wimbo utahitajika.

WAV imekuwapo tangu mwaka 1991 na hakuna programu ya maana ya muziki isiyoifungua. Kazi yenyewe ya kutoa trak si ngumu. Kwenye FL Studio, dirisha la kutolea wimbo lina sehemu ya kugawa trak za mixa, na kila moja inatoka kama faili lake. Kinachotaka umakini ni mambo madogo: trak zote zianzie sifuri, hata ile ya tarumbeta inayoingia dakika ya tatu, ili ukizipanga kwenye programu nyingine zikae pamoja bila kukisia, limita iliyoko kwenye master izimwe, trak ya kumi na nne isiitwe "Insert 14", iitwe kongas, na tempo ya wimbo iandikwe kwenye jina la folda.

Kuna pingamizi la nafasi, na hili linapimika. Trak ya stirio ya biti 24 kwa kilohezi 48 inachukua takriban megabaiti 17 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye trak 30 za namna hiyo unafika gigabaiti mbili hivi, kwa hiyo diski ya nje ya gigabaiti 500 inabeba nyimbo zaidi ya 200. Sidhani kama kuna studio inayotoza fedha kwa kazi yake ambayo diski moja itaishinda.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba WAV inagandisha. Besi ikishatolewa na efekti zake huwezi tena kuibadilisha mlio, na ufunguo wa wimbo haubadiliki bila kuumiza sauti. Ni kweli, na ndiyo maana nashauri seti mbili, moja yenye efekti na nyingine kavu, pamoja na faili la MIDI linalobeba noti. Wapo pia wanaoweka matumaini kwenye DAWproject, muundo wa wazi uliotolewa mwaka 2023 na Bitwig na PreSonus, ambao Cubase iliupokea mwaka 2024. Ni hatua nzuri na naomba wengine waufuate. Lakini kwa upande wa plagini nao unabeba mipangilio tu, plagini yenyewe lazima iwepo kule unakohamia, na ala za ndani ya Logic hazitoki nje ya familia ya Apple.

Gharama ya kuzembea humwangukia mwimbaji kwanza. Aliyebaki na MP3 peke yake hawezi kupata biti tupu ya kuimbia harusini au kanisani, hawezi kumpa mwingine sauti yake airudie kwa mdundo mpya, na mtengeneza filamu akitaka ala bila maneno, hana cha kumpa. Kwa hiyo makubaliano ya studio, hata yale ya mdomo, yaitaje folda ya trak pamoja na bei, na ikabidhiwe siku ileile wimbo unapokabidhiwa, wakati prodyuza bado ana plagini zote na bado anakumbuka trak ipi ni ipi.