Mali Bila Daftari: Sauti ya Mombasa na Haja ya Seva Huria ya Video

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ina harufu ya biashara, nayo inaunasibu mji wa bandari kama Mombasa. Hata hivyo, mali ya kisiwa hicho si shehena za melini pekee. Kiswahili kinachosemwa, kughaniwa na kuimbwa katika mitaa ya Mji wa Kale, tangu Kibokoni hadi Kuze, nacho ni mali, na sehemu yake kubwa hupita hewani usiku mmoja ikatoweka kabla ya alfajiri. Makala haya yanatoa hoja kwamba wakati umewadia kwa wanafunzi wa Kiswahili na walimu wao kuanzisha seva yao wenyewe ya kurusha na kurekodi video, iendeshwayo kwa programu huria, na kwamba seva hiyo iwekwe Mombasa kwenyewe.

Historia inaonyesha kwa nini jambo hili si anasa. Muyaka bin Haji, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, alizitunga tungo zake kwa ajili ya masikio ya watu wa Mvita. Zilibaki vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa, hadi Mwalimu Sikujua Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alipozikusanya akishirikiana na mmishenari Mwingereza, W. E. Taylor. Leo hati hizo zimo katika maktaba ya SOAS jijini London. Diwani iliyohaririwa na William Hichens ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, na uchambuzi mpana wa Mohamed Abdulaziz ukafuata mwaka 1979. Waliohifadhi hati hizo wanastahili shukrani, kwani bila wao huenda pasingekuwa na Muyaka wa kusomwa darasani. Lakini msomi wa Mombasa aliyetaka kuiona hati yenyewe ililazimu akate tiketi ya kwenda Ulaya. Na sauti iliyozighani tungo hizo haiko London wala Mombasa.

Zama za sauti zilipofika, hali haikubadilika sana. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake, kwa kuwa mitambo ilikuwa huko. Baadaye Mombasa ilipata kituo chake cha redio, Sauti ya Mvita, katika enzi ya ukoloni, na maduka ya mjini yakatoa santuri na kisha kanda za taarabu. Kwa njia hiyo sauti za Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, zilienea hadi Ghuba. Hata hivyo, kanda ni chombo dhaifu. Katika joto na unyevu wa kisiwa, utepe huota ukungu, hugandamana na kupoteza sauti. Kanda za video za harusi zilizofungiwa makabatini zinakabiliwa na hatima iyo hiyo, na mashine za kuzichezea zimeadimika.

Umuhimu wa kurusha matangazo mubashara ulidhihirika mwaka 2020. Mnamo Machi shule na vyuo vilifungwa nchini kote kutokana na ugonjwa wa Korona. Mnamo Aprili safari za kuingia na kutoka Kaunti ya Mombasa zilipigwa marufuku, na tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, serikali ikatangaza kuufunga Mji wa Kale wenyewe. Darsa, maombolezo na mihadhara, mambo ambayo kwa desturi huwakutanisha watu barazani, yalihamia kwenye simu za rununu. Wengi walitumia majukwaa ya kampuni kubwa za kigeni, na hapana wa kuwalaumu, kwa kuwa majukwaa hayo yalikuwa tayari na hayakudai malipo.

Swali linalopasa kuulizwa ni hili: kanda hizo ni za nani leo? Mwenye jukwaa ndiye apangaye masharti. Anaweza kuifuta video, kuizima sauti kwa madai ya hakimiliki, au kuufunga mlango siku biashara isipomlipa. Mwaka 2019 mtandao wa MySpace ulikiri kwamba ulipokuwa ukihamisha data katika seva zake ulipoteza nyimbo zilizopakiwa kwa muda wa miaka kumi na miwili. Zilikuwa mamilioni ya nyimbo, na wasanii ambao hawakuwa na nakala nyingine hawakuwa na mahali pa kukimbilia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Naye ategemeaye jukwaa la mtu asiyekuwa hata nduguye hali yake ni mbaya zaidi.

Hapa ndipo programu huria zinapoingia. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Inafaa wanafunzi wakumbuke kwamba baadhi ya programu hizo ziliasisiwa na wanafunzi wenzao. Linux, inayoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia, ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Helsinki. VLC, inayotumiwa kote kutazamia video, ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris waliotaka kurusha video katika mtandao wa chuo chao. Mwaka 2001 ikatolewa kwa leseni huria. Kiswahili nacho si mgeni katika uwanja huu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo asemaye kuwa mambo haya ni ya wahandisi wa ng'ambo hajaitazama historia ya karibu.

Utendaji wenyewe unaeleweka bila ya shahada ya uhandisi. Ukumbini kunahitajika kamera, kipaza sauti kizuri na tarakilishi ya mapajani yenye programu kama OBS, ambayo huipokea picha na sauti, huzibana na kuzituma kwenye seva. Tarakilishi hiyo hutuma mkondo mmoja tu. Seva ndiyo inayoupokea mkondo huo na kuwagawia watazamaji wote, na wakati uo huo huuandika kwenye diski. PeerTube, programu huria kutoka Ufaransa, imekuwa ikiweza kurusha mubashara tangu mwaka 2021, na baada ya matangazo huihifadhi rekodi ikawa tayari kutazamwa tena. Kurusha na kurekodi huwa kazi moja.

Hesabu zake nazo hazitishi. Mkondo wa megabiti 2 kwa sekunde, unaotosha kumwonyesha malenga na hadhira yake, huzaa faili ya megabaiti 900 hivi kwa saa. Diski ya terabaiti moja inaweza basi kuhifadhi zaidi ya saa 1,000. Mzigo mkubwa uko kwenye kugawa: watazamaji 50 kwa mpigo huhitaji megabiti 100 kwa sekunde zikitoka kwenye seva. Ndiyo sababu seva haifai kukaa nyumbani kwa mtu. Ikae chuoni au katika jumba la data penye umeme wa akiba. Mombasa, kwa bahati, ndiyo lango la nyaya za chini ya bahari: SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Ni kinaya kwamba waya unaoibeba dunia unapita mlangoni pa Mji wa Kale, ilhali utenzi ulioghaniwa Ndia Kuu huhifadhiwa katika mitambo ya ng'ambo ambayo mghani hana mamlaka nayo.

Lakini mitambo ni nusu ya kazi, na ni nusu iliyo nyepesi. Daftari lenyewe ni la mwanafunzi wa Kiswahili. Rekodi isiyo na maelezo ni sawa na barua isiyo na anwani. Ni nani anayeghani? Ni bahari gani? Ni Kimvita, Kiamu, Kijomvu au Kingare? Mtunzi ni nani, na tukio lilikuwa lipi? Kazi hiyo ya kunukuu, kufafanua na kuorodhesha haiwezi kufanywa na mhandisi asiyejua vina na mizani. Isitoshe, kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyabeba. Jina la Ndia Kuu limehifadhi kwenye kibao cha barabara umbo la Kimvita la neno "njia". Lakini hakuna kibao kinachoonyesha jinsi mzee wa Mji wa Kale anavyoitofautisha "paa" ya mnyama, yenye mpumuo, na "paa" la nyumba, lisilo nao. Tahajia ya Kiswahili sanifu huyaandika maneno hayo kwa namna moja. Rekodi safi ndiyo shahidi pekee, na wazee wanaoidumisha tofauti hiyo wanapungua.

Hoja nzito kuliko zote inahusu stara. Mambo mengi ya Mji wa Kale hayakukusudiwa macho ya kila mtu. Nyimbo na vigoma vya wanawake harusini huimbwa katika faragha, na video ya shughuli kama hiyo ikivuja huwaletea wahusika fedheha. Jukwaa la kigeni limejengwa ili kila kitu kionekane na wengi iwezekanavyo. Seva ya wenyewe inaweza kupangwa kwa ngazi: rekodi za watu wote, rekodi za watafiti waliosajiliwa, na rekodi zilizofungwa ambazo hufunguliwa kwa idhini ya wenyewe tu. Sheria za Kenya zinaelekea huko pia. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ile ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ya mwaka 2016, na ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, zote zinamtaka mwenye kurekodi amheshimu mwenye sauti. Kwa hiyo kila rekodi itanguliwe na idhini iliyoelezwa kwa lugha anayoielewa mhusika, na kila msanii apewe nakala yake. Wazee wa Pwani wamekwisha kuona watafiti wengi wakija na vinasa sauti na kuondoka bila ya kurejesha chochote.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba majukwaa makubwa yana watazamaji, na seva ya chama itakuwa na wachache. Ni kweli, lakini si lazima kuchagua kimoja. Matangazo yanaweza kurushwa kotekote kwa mpigo. Jukwaa liwe kipaza sauti, nayo seva iwe sanduku. Kosa ni kukifanya kipaza sauti kuwa sanduku.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wanafunzi huhitimu na kuondoka, na miradi yao aghalabu hufa pamoja na mahafali. Anayejua nywila akipata kazi Nairobi, seva huzimika kimya. Tiba yake si shauku bali utaratibu. Seva isajiliwe kwa jina la idara au maktaba badala ya mtu mmoja. Kila mwaka wanafunzi wawili wa mwaka wa pili wafunzwe na wale wa mwaka wa mwisho. Nakala zisipungue tatu: moja kwenye seva, moja kwenye diski isiyounganishwa na mtandao, na moja katika taasisi nyingine, kwa mfano kati ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichoko Tudor na makavazi ya Ngome ya Yesu, iwapo taasisi hizo zitaafikiana. Juu ya yote, mwongozo wa kuiendesha seva uandikwe kwa Kiswahili.

Mwongozo huo utakuwa na faida ambayo warsha nyingi za istilahi hazijaipata. Maneno kama "mubashara", "mkondo", "msimbo" na "nywila" hayakomai katika orodha za kamati. Hukomaa mikononi mwa watu wanaoyahitaji saa tatu usiku, mgeni wa heshima akiwa ameketi na picha ikiwa imekatika. Wakati huo ndipo hubainika ni istilahi ipi inayotamkika na ipi iliyokuwa pambo la karatasi.

Hakuna haja ya kungoja mfadhili. Tarakilishi kuukuu yenye Linux, diski mbili, kamera ya kuazima na usiku mmoja wa mashairi vyatosha kuanzia. Rekodi ya kwanza itakuwa na kasoro. Sauti itakwaruza, na mtu atapita mbele ya kamera. Hilo halina neno. Muhimu ni kwamba asubuhi yake faili itakuwepo, ikiwa na jina la mghani, tarehe, mahali, bahari na idhini. Hapo ndipo daftari litakapokuwa limefunguliwa, na mjukuu wa mghani huyo hatahitaji tiketi ya London kumsikia babu yake.