BI HARUSI SIYO MKAA, NI WEWE HUJUI KUPIMA MWANGA!

Wadau wangu, wikiendi hii simu haikupumzika. Picha za harusi ya yule dada wa mjini zimezunguka kila grupu la WhatsApp na watu wanacheka. Gauni limetoka rangi ya majivu, uso hauonekani, ni macho na meno tu. Na mpiga picha siyo wa kuokota mtaani jamani. Ni yule yule anayewapiga mastaa, mwenye kamera ya mamilioni, anayetaka hela yote kabla ya siku. Simtaji jina, mwenyewe anajijua.

Kilichonifanya niandike ni jibu lake. Bi harusi alipolalamika, kaka akamjibu hadharani eti ngozi nyeusi inanyonya mwanga, na mpambaji alitakiwa amweupeshe kidogo. Watu wakagonga laiki. Nikasema hapana, hili halipiti.

Mita iliyo ndani ya kamera haijui harusi wala bi harusi. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na inachukulia kila inachokiona ni kijivu cha kati, kama zile kadi za kijivu zinazorudisha asilimia 18 ya mwanga. Huamini? Weka kamera kwenye otomatiki, jaza fremu yote kwa shuka jeupe, piga. Halafu jaza kwa koti jeusi, piga. Zote mbili zitakutokea kijivu.

Sasa rudi kwa dada yetu. Gauni jeupe, shela jeupe, maua meupe, nyuma yake pazia jeupe. Mita ikaona weupe mwingi, ikapunguza mwanga. Gauni likawa majivu, uso ukazama. Kweli ngozi nyeusi inarudisha mwanga mdogo kuliko gauni, sibishi. Lakini kulijua hilo ndiyo kazi uliyolipwa!

Watetezi wake wanasema basi angepima kwa nukta usoni, ile alama ya kitone kwenye menyu. Sawa, ila nayo ina mtego. Ukielekeza nukta kwenye uso mweusi, kamera itataka kuufanya kijivu cha kati. Uso utachubuka kama umepakwa mkorogo, gauni litaungua mpaka nakshi zote zipotee. Ukipima hivyo upunguze mwenyewe, stopu moja hivi kwa ngozi nyeusi sana. Ukipima gauni, ongeza karibu stopu mbili.

Wengine wanasema, "Mimi naangalia kioo cha kamera, kikionyesha poa nasonga." Bana, ukumbini gizani kile kioo kinawaka kama taa, hata picha ya giza inapendeza. Ukifika nyumbani ukafungua kompyuta ndiyo unalia. Angalia histogramu. Mlima ukigonga ukuta wa kulia, gauni linaungua. Washa na ile tahadhari inayopepesa sehemu zilizoungua. Lakini isome kwa akili, maana ukumbi wa giza lazima uweke mlima kushoto hata kama uso uko sawa.

Halafu kuna mita ya mkononi yenye kikombe cheupe, ile mnayoicheka kwamba ni ya wazee. Hiyo inapima mwanga unaomwangukia mtu, kabla haujagusa ngozi wala gauni. Unaisogeza karibu na shavu la bi harusi, kikombe kikitazama kamera, unasoma, basi. Mweusi anatoka mweusi wake, gauni linatoka jeupe lake. Najua huwezi kumkimbilia nayo wakati anacheza. Ila alipokaa meza kuu saa nzima ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa unajipiga selfi!

Na hii lugha ya kulaumu ngozi haikuanza leo. Enzi za filamu, maabara nyingi zilipanga rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Mtu mweusi akitoka vibaya, akaambiwa ndivyo alivyo. Wale angalau walikuwa wazungu wanaowauzia wazungu wenzao. Wewe kaka mama yako ni mweusi, dada zako ni weusi, wateja wako wote ni weusi. Unapima kwa ajili ya nani?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kuna binti anaolewa Desemba, amesoma lile jibu. Hataenda kutafuta mpiga picha anayejua kupima mwanga. Ataenda dukani kununua mkorogo ili "atoke vizuri". Atauharibu uso wake maisha yote kwa sababu wewe ulishindwa kugeuza gurudumu la kamera mara moja.

Kaka, kama ulipiga RAW, kaa chini uinue ule uso, na gauni bado lina nafasi ya kurudi jeupe. Kama ulipiga JPEG peke yake, rudisha hela ya watu, hata nusu. Na kwa vyovyote, futa lile jibu umuombe radhi dada wa watu, hadharani, kama ulivyomtukana hadharani.

Wadau mnasemaje, nimeonea? Kama na wewe ushaambiwa ngozi yako ndiyo tatizo, tiririka hapo chini. Matusi sitaki, na majina msitaje.