Sindano Yenye Macho: Je, Ni Anasa ya Matajiri?

Yapo maoni yaliyoenea, hata miongoni mwa wasomi, kwamba tiba ifanywayo kwa sindano na mrija mwembamba, huku daktari akitazama picha ya ndani ya mwili, ni anasa ya mataifa tajiri. Hoja yenyewe husemwa hivi: nchi ambayo zahanati zake hupungukiwa dawa za malaria haina sababu ya kuota ndoto za mashine. Hoja hii ina sura ya busara na ya huruma. Lakini ikipimwa kwa mizani ya ukweli, huonekana imejengwa juu ya kosa moja kubwa: imeitazama bei ya baadhi ya mitambo, ikadhani kwamba hiyo ndiyo taaluma yote.

Jicho na mkono

Kwa karne nyingi mpasuaji alilazimika kuufungua mwili ili apate kuona, na mara nyingi jeraha la njia lilikuwa kubwa kuliko jeraha la tiba yenyewe. Mwaka 1895, Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua miale ya eksirei huko Würzburg, Ujerumani, kuona kukaanza kutengana na kukata. Ikabaki kuutafutia mkono njia. Mwaka 1953, Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alichapisha mbinu ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuielewa mara moja. Sindano yenye tundu huchomwa mshipani. Waya laini hupitishwa ndani yake. Sindano huchomolewa, waya ukabaki. Kisha mrija hutelezeshwa juu ya waya hadi ndani ya mshipa.

Miaka 11 baadaye, tarehe 16 Januari 1964, Charles Dotter wa Portland, Oregon, Marekani, alitumia waya na mirija iliyovishwana kuupanua mshipa uliokuwa umesongwa katika mguu wa bibi mwenye umri wa miaka 82. Bibi huyo alikuwa ameshauriwa akatwe mguu, naye akakataa. Mguu ulipona, akautembelea hadi alipofariki miaka kadhaa baadaye.

Funzo kutoka Turkana

Hata hivyo, mfano unaoihusu zaidi Afrika Mashariki unatoka Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya. Huko, na kwa kiasi fulani miongoni mwa Wamaasai wa Kenya na Tanzania, upo ugonjwa wa hidatidi, usababishwao na tegu mdogo wa mbwa, Echinococcus granulosus. Tegu huyu, mwenye urefu wa milimita chache tu, huishi utumboni mwa mbwa. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi, yakaliwa na kondoo, mbuzi au ngamia, na ndani ya wanyama hao hukua yakawa vifuko vya maji. Mbwa alapo ini au mapafu yenye vifuko, mzunguko hutimia. Binadamu huingia katika mzunguko huu kwa bahati mbaya, anapomeza mayai yaliyoshika mikono, chakula au maji. Kifuko hukua polepole kwa miaka mingi, mara nyingi katika ini, hata tumbo likavimba.

Kiwango cha ugonjwa huu katika Turkana kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Shirika la AMREF lilipeleka huko wapasuaji, na mwaka 1983 mpango maalumu wa kuudhibiti ugonjwa ukaanza. Katikati ya miaka ya 1980, chombo cha mawimbi ya sauti kinachobebeka kilipelekwa hadi kwenye makazi ya wafugaji, na watu ambao hawajawahi kuingia katika hospitali kubwa wakapimwa huko huko walikokuwa wakiishi.

Wakati huo vitabu vya tiba vilikuwa na amri moja: kifuko cha hidatidi kisichomwe sindano kamwe. Sababu zilikuwa mbili. Maji ya kifuko yakivuja tumboni huweza kuleta mzio mkali unaoua. Tena, mbegu zilizomo ndani yake huweza kuota vifuko vipya. Amri hiyo ilifaa kwa sindano iliyo kipofu. Swali lililozuka katika miaka hiyo, hasa Tunisia, lilikuwa hili: sindano ikipata macho, je, amri ibaki vile vile?

Mwangwi unavyoongoza sindano

Macho hayo ni mwangwi. Chombo hutuma sauti ya kasi ya mitetemo isiyoweza kusikiwa na sikio la binadamu, mathalani herzi milioni 3.5. Sauti husafiri katika nyama za mwili kwa wastani wa mita 1,540 kwa sekunde. Kitu kilicho sentimita 10 chini ya ngozi hurudisha mwangwi baada ya sekunde 0.00013 hivi, na kutokana na muda huo chombo hujua umbali. Maji hayarudishi mwangwi, kwa hiyo kifuko huonekana cheusi. Sindano ya chuma huurudisha kwa nguvu, kwa hiyo huonekana kama mstari mweupe unaosogea. Daktari huona ncha yake ikipita ndani ya nyama ya ini, ambayo huizunguka sindano na kusaidia kuzuia mvujo, kisha ikiingia katika kifuko.

Hufuata hatua tatu. Kwanza maji hufyonzwa na kuchunguzwa. Ikiwa yana nyongo, kazi husimamishwa, maana kifuko kimeungana na mirija ya nyongo, na dawa ya kuua vimelea ingeiunguza mirija hiyo. Ikiwa hayana nyongo, huingizwa maji ya chumvi yenye nguvu ya asilimia 20, au pombe safi ya asilimia 95, na kuachwa kwa kiasi cha dakika 15. Mwishowe maji hayo hufyonzwa tena. Mgonjwa hupewa dawa ya albendazoli kabla ya kuchomwa, na huendelea nayo kwa muda baadaye. Wagonjwa wa Turkana wamo miongoni mwa waliotibiwa kwa njia hiyo, na mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake. Hapa ndipo hoja ya anasa inapoanguka: chumvi, pombe, sindano na chombo kinachobebwa mkononi vimeifanya kazi ambayo zamani ilihitaji chumba cha upasuaji, nusukaputi na kulazwa kwa siku nyingi.

Mipaka ya sindano

Haki yataka yasemwe pia mapungufu. Sindano haifai kwa vifuko vya mapafu, wala kwa vile vilivyojaa vifuko vidogo ndani yake, wala kwa vile vilivyo juu juu viwezavyo kupasuka. Tena haifai kufanywa mahali pasipo na dawa za kukabili mzio na mtu ajuaye kuzitumia. Zaidi ya hayo, sindano haimzuii mbwa kula ini lenye vifuko. Kuwapa mbwa dawa ya minyoo, kuteketeza viungo vya wanyama vyenye ugonjwa, na kupata maji ya kunawa mikono ndiko kutakakokata mzunguko. Wanaosisitiza kinga wana haki kabisa. Kosa lao huanza wanapomwambia mtu ambaye tumbo lake limekwisha kuvimba kwamba kinga inamtosha.

Mashine bila watu

Kikwazo kikubwa kiko kwingine. Chombo hununuliwa kwa siku moja. Mtu wa kukitumia hufundishwa kwa miaka. Mashine iliyofunikwa kitambaa kwa sababu kipuri kimoja kimekosekana, au kwa sababu aliyekuwa akiijua amehama, ni hasara kuliko mashine isiyonunuliwa, kwa kuwa imekwisha kumeza fedha na matumaini pamoja. Mpango wowote wa ununuzi usiotaja fundi, vipuri na mwalimu ni mpango wa kununua pambo.

Katika Tanzania ipo hatua inayostahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 2018 wataalamu wa ng'ambo walianza kuja kwa zamu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili kufundisha tiba za namna hii, na mwaka uliofuata mafunzo rasmi yakaanzishwa katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huondoka, na mwenyeji hupona kwa kudumu pale tu anapobaki na ujuzi mkononi. Faida yake si ndogo. Mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi iliyoenea huweza kuzibwa mirija ya mkojo, figo zikashindwa kufanya kazi kabla tiba ya saratani haijaanza. Mrija mwembamba uliopitishwa mgongoni hadi ndani ya figo huutoa mkojo, naye akapata muda wa kutibiwa. Mwanamke huyo akifa kwa kukosa mrija huo, hatakuwa amekufa kwa umaskini wa nchi peke yake. Atakuwa amekufa pia kwa kukosa mtu aliyefundishwa kuupitisha.

Wajibu wa shule

Mtu huyo hatokei chuoni ghafla. Aliketi darasani miaka kumi na zaidi kabla ya hapo, na huenda somo la mwangwi alifundishwa kwa mfano wa mtu anayepiga kelele mbele ya mlima, likaishia hapo. Mwalimu wa fizikia aweza kuwapa wanafunzi wake ile hesabu ya sentimita 10 na mita 1,540, akawaachia wauone wenyewe ule muda mfupi unaompa daktari macho. Mwalimu wa biolojia aweza kuuchora mzunguko wa tegu ubaoni na kuwauliza wapi ukatwe kwa dawa ya mbwa, wapi kwa maji na sabuni, na wapi kwa sindano. Masomo hayo mawili yakikutana katika kichwa cha mwanafunzi mmoja wa Lodwar au Loliondo, gharama yake itakuwa chaki na vipindi viwili.